Shilingi Moja Iliyopotea Karurumo

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Karurumo, na nikaona chama cha shosho yangu kikikaribia kuvunjika kwa sababu ya shilingi moja. Si elfu moja. Shilingi moja, ile sarafu ambayo ukiiangusha sokoni watu wengi hawainami kuiokota.

Chama chenyewe ni cha akina mama kumi na wanne. Wengi wao huuza ndizi, maembe na maharagwe. Hukutana Jumapili jioni, kila mmoja anaweka kitu, na anayetaka kuongeza bidhaa za wiki anakopa kidogo: mia mbili, mia nne, mia nane. Riba ni asilimia 15. Ukikopa mia unarudisha mia na kumi na tano, na hiyo riba inarudi kwa wote wakati wa kugawana mwisho wa mwaka. Kwa miaka mingi hesabu zote zimekaa ndani ya daftari la mama mmoja, mweka hazina, pamoja na kalkuleta yake ndogo ambayo vibonye vimefutika namba.

Sasa binamu yangu, ambaye anasomea kompyuta chuoni, akaamua kuwasaidia. Akawaandikia programu ndogo ya simu. Unaingiza mkopo, inakwambia unadaiwa ngapi. Akina mama wakafurahi, mpaka Jumapili ya kwanza ya kuitumia.

Mama mmoja alikuwa amekopa 800. Programu ikamwambia anadaiwa 919. Mweka hazina akaangalia daftari, akamwambia 920. Wa pili alikopa 400: simu ikasema 459, daftari likasema 460. Wa tatu alikopa 200: simu 229, daftari 230. Lakini waliokopa 300 na 500 waliona namba zinalingana kabisa, 345 na 575. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama simu ingekosea kwa wote, wangesema simu ni mbovu. Lakini ilikuwa sawa kwa wengine na tofauti kwa wengine, kwa hivyo ikaonekana kama kuna mtu anachagua wa kumwibia.

"Kumbe umekuwa ukitukula shilingi shilingi?" mmoja akauliza.

"Kompyuta haiwezi kukosea hesabu," mwingine akasema, na wengi wakaitikia kwa kichwa.

Mama mweka hazina hakujibu. Alifunga daftari, akaliweka mapajani, akatazama mlango.

Ukweli ni kwamba daftari lilikuwa sahihi mstari kwa mstari, na simu ndiyo iliyokosea. Leo nataka kukueleza kwa nini, halafu nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na wahandisi peke yao: kama wale wanaotengeneza vifaa vya kuandikia programu wanapaswa kuunga mkono kanuni ya hesabu za desimali ambayo wengi wao wameiacha kando. Mimi si mhandisi. Nilisomea mambo ya masoko. Lakini natumia pesa kwa simu kila siku kama wewe, na nadhani sisi tunaotumia tuna haki ya kusema.

Mizani yenye nusu, robo na thumuni

Hebu fikiria duka la kijijini lenye mizani na mawe ya kupimia. Muuzaji ana jiwe la nusu kilo, la robo, la thumuni (yaani sehemu moja ya nane), la sehemu moja ya kumi na sita, na kuendelea hivyo, kila jiwe likiwa nusu ya lile lililotangulia. Mteja akitaka robo tatu, ni rahisi: nusu na robo. Lakini mteja mwingine anasema, "Nipimie sehemu moja ya kumi ya kilo," yaani gramu 100.

Muuzaji anaanza. Thumuni ni gramu 125, imezidi. Anachukua la gramu 62.5, anaongeza la 31.25, amefika 93.75. Anaongeza dogo zaidi, amefika 97.65625. Anaongeza lingine, amefika 99.609375. Anaendelea kuongeza vijiwe vidogo kama vumbi, anakaribia 100 lakini hafiki kamwe. Mwisho mawe yanamwishia, na anampa mteja kilichopo.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyoshika namba zenye desimali. Ndani yake inahesabu kwa mfumo wa mbili, yaani binari, na mawe yake ni nusu, robo, thumuni na wadogo zao. Moja ya kumi haiwezi kupimwa kikamilifu kwa mawe hayo, kama vile wewe huwezi kuandika theluthi ya shilingi bila kuandika 0.333 milele. Ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 katika JavaScript, lugha inayotumika kwenye karibu kila tovuti, jibu ni 0.30000000000000004. Rafiki yako mwenye kompyuta anaweza kulijaribu leo.

Turudi Karurumo. Kwa riba ya asilimia 15, binamu yangu aliandika: mkopo mara 1.15. Lakini kompyuta haiwezi kushika 1.15. Inashika namba iliyo chini yake kidogo sana, karibu 1.1499999999999999. Ukizidisha 100 kwa 1.15, haikupi 115. Inakupa 114.99999999999999. Binamu yangu, kwa sababu chama hakitumii senti, alikuwa ameiambia programu ikate kila kilicho baada ya nukta. Ikakata. Ikabaki 114. Kwa mikopo kama 300 na 500, kosa hilo dogo linapotea njiani na jibu linatokea sahihi. Kwa 100, 200, 400, 700 na 800 halipotei. Ndiyo maana ilionekana kama ujanja wa mtu.

Kalkuleta ya mama mweka hazina, ile iliyofutika namba, haina shida hii. Kalkuleta nyingi za mkononi huhesabu kwa kumi kama sisi tulivyofunzwa darasani. Kwa hivyo kifaa cha bei ya chini kabisa kwenye kile kikao ndicho kilichokuwa kinasema kweli.

Na usifikiri ni asilimia 15 ya chama tu. Tangu Julai 2023, ushuru wa serikali juu ya ada za kutuma pesa kwa simu hapa Kenya umekuwa asilimia 15. Yeyote anayeandika programu ya kukokotoa ada pamoja na ushuru huo ana nafasi ya kuandika ile 1.15 kwa njia ileile aliyoandika binamu yangu.

Kanuni ipo, lakini imewekwa pembeni

Tatizo hili linajulikana muda mrefu. Mwaka wa 1985 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kanuni namba 754, inayoeleza jinsi kompyuta zote zishike namba zenye nukta. Ilikuwa kazi kubwa. Kabla yake kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, na programu ileile ingeweza kutoa majibu tofauti kwenye mashine mbili. Lakini kanuni hiyo ilikuwa ya binari peke yake.

Mwaka wa 2008 kanuni ilifanyiwa marekebisho, na ndani yake zikaongezwa namba za desimali. Yaani njia rasmi ya kompyuta kushika 1.15 kama 1.15, bila vumbi la mawe. Mtu aliyepigania sana jambo hili ni Mike Cowlishaw wa IBM. Na kampuni hiyo haikungoja: mwaka wa 2007 ilitoa chipu ya POWER6 yenye uwezo wa kufanya hesabu za desimali ndani ya chuma chenyewe. Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, M-Pesa ilianza hapa Kenya. Mimi huona jambo hilo kama ishara. Wakati uleule ambao mkulima wa Embu alianza kupokea pesa kwa simu, njia nzuri ya kompyuta kuhesabu pesa ilikuwa inazaliwa upande mwingine wa dunia.

Kwa bahati mbaya hizo mbili hazijakutana sawasawa. Mashine kubwa za IBM zina desimali. Intel ilitoa maktaba ya bure inayofuata kanuni hiyo, lakini chipu za kawaida ndani ya simu na kompyuta zetu hazina. Na kwa waandishi wa programu, hali ni ya kuchanganya.

Nikisema maktaba hapa simaanishi nyumba ya vitabu. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Anachukua vipande vilivyoandikwa tayari na wengine, kama fundi anayenunua bawaba na kufuli badala ya kuzifua. Mkusanyiko wa vipande hivyo huitwa maktaba. Maktaba ikikosa kitu, mafundi wengi watajenga nyumba bila hicho kitu.

COBOL, lugha ya biashara iliyoanza karibu mwaka wa 1960, ilihesabu kwa desimali tangu mwanzo, kwa sababu walioibuni walijua inakwenda kushika mishahara na akaunti. Java ilipata BigDecimal mwaka wa 1997. Python ilipata moduli ya desimali mwaka wa 2004. C# ina aina ya namba ya desimali iliyowekwa hasa kwa ajili ya pesa. Hizo ni habari njema. Lakini JavaScript haina. Go na Rust hazina ndani ya maktaba zao za msingi, unatafuta ya mtu binafsi na kutumaini ataendelea kuitunza. Lugha ya C iliingiza desimali kwenye toleo lake la karibuni, C23, lakini kama jambo la hiari, kwa hivyo si kila chombo cha C kinalazimika kuwa nazo.

Hata pale zilipo, mlango wake ni mwembamba. Katika Python, ukiandika 1.15 kwa kawaida unapata ya binari. Ili upate ya desimali, lazima uiite kwa jina na uifunge namba ndani ya alama za kunukuu. Ukisahau hizo alama, kosa la binari linaingia na kuvaa nguo za desimali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atayajulia wapi haya?

Halafu kuna safari. Pesa yako ikitoka kwenye simu, hesabu yake hupita katika mifumo kadhaa inayotumiana ujumbe. Aliyetuma anaweza kuwa makini sana, akaandika 1.15 safi. Aliyepokea, maktaba yake ya kusoma ujumbe ikaibadilisha kuwa binari hata kabla mwandishi hajaigusa. Ni kama kuchota maji safi mtoni ukayamimina kwenye ndoo iliyokuwa na mafuta ya taa.

Wanaopinga wana hoja, tuwasikilize

Nimeongea na binamu yangu na marafiki zake kuhusu hili, na si wote wanaokubaliana nami. Hoja zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza: "Hesabu kwa senti." Yaani usishike shilingi 9.20, shika senti 920, namba nzima, na namba nzima kompyuta haikosei. Ni kweli, na mifumo mingi mizuri ya malipo hufanya hivyo. Binamu yangu mwenyewe alitengeneza programu yake kwa dakika mbili: badala ya mkopo mara 1.15, akaandika mkopo mara 115, gawanya kwa 100. Mia nane ikawa 920.

Lakini senti hazitoshi kwa kila kitu. Riba ya kila siku ina sehemu ya senti. Ukimtumia ndugu yako pesa Uganda au Tanzania, kiwango cha kubadilisha kina nukta. Bei ya kilo moja ya kahawa au lita ya maziwa ina nukta, na uzito wenyewe una nukta. Mtu akishaanza kuhesabu kwa senti, kesho atahitaji sehemu ya kumi ya senti, kesho kutwa sehemu ya mia, na kila programu itakuwa na mtindo wake. Hapo tumerudi kule kabla ya 1985.

Hoja ya pili: "Desimali ni polepole." Pia kweli, pale ambapo chipu haina desimali na kazi inafanywa na programu. Kwa utabiri wa hali ya hewa, kwa picha na michezo, binari ndiyo inafaa, na sisemi iondolewe. Lakini kukokotoa ada ya kutuma mia tano si utabiri wa hali ya hewa. Mteja anayesubiri ujumbe wa kuthibitisha hawezi kuhisi tofauti hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi: "Nani atafanya hiyo kazi?" Maktaba nyingi hutunzwa na watu wachache, wengine wanajitolea usiku baada ya kazi. Ukiwaambia waongeze aina nyingine ya namba, unawaongezea mzigo wa miaka, sio wa wiki. Na wanasema hakuna anayeiomba.

Kwa mzigo, nawaunga mkono, na nadhani makampuni yanayopata riziki kutokana na hesabu za pesa, pamoja na sekta hii yetu ya malipo kwa simu, yanapaswa kuchangia pesa na wahandisi. Tunatumia visima vyao, tusaidie kuvichimba. Lakini hilo la kwamba hakuna anayeomba, hapana. Wanaoumia hawajui pa kuombea. Mama mwenye mkopo wa 800 hataandikia watunzaji wa maktaba. Yeye atamuuliza mweka hazina. Gharama ya kukosa desimali hailipwi na mwandishi wa programu. Inalipwa na mtu wa mwisho kabisa, kwa shilingi na kwa heshima yake, na malalamiko yake huishia kwa mtu asiye na kosa.

Tena kuna mzunguko hapa wa kuku na yai. Maktaba hazina desimali kwa sababu hazitumiki. Hazitumiki kwa sababu maktaba hazina. Watengenezaji wa chipu hawaweki kwa sababu programu haziitaji. Mtu mmoja lazima aanze, na wa kuanza kwa gharama ndogo zaidi ni maktaba.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Maktaba yoyote inayogusa pesa, iwe ya malipo, ya kusoma ujumbe kati ya mifumo, ya kuhifadhi data au ya majedwali ya hesabu, inapaswa kupokea namba ya desimali na kuitoa ilivyo, bila kuipitisha kwenye binari. Lugha kubwa ziwe na desimali ndani ya maktaba ya msingi, zikifuata kanuni ile ya 2008, sio kila mtu na yake. Na mafunzo ya wanaoanza yanapotoa mfano wa bei au riba, yaonyeshe desimali kwanza. Binamu yangu si mzembe. Alifuata mfano aliofunzwa.

Desimali haimalizi kila kitu

Nisikudanganye. Hata kompyuta ikihesabu kama sisi, bado kuna swali la nani anapata kile kinachobaki. Gawanya shilingi 100 kwa watu watatu, kuna senti itakosa mwenyewe.

Chukua mfano wa akiba. Tuseme umeweka shilingi 500 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba inahesabiwa kila siku kwa ile 500. Kwa siku ni karibu senti 13.7. Mfumo ukikata hadi senti 13, mwisho wa mwaka umepata shilingi 47.45. Ukisogeza hadi senti iliyo karibu, yaani 14, umepata 51.10. Ukitunza sehemu zote hadi mwisho ndipo ulipe, umepata 50 kamili. Riba ni ileile, majibu ni matatu. Na mfumo ukikata hadi shilingi nzima kila siku, umepata sufuri mwaka mzima.

Mambo haya yameshatokea kwa wakubwa. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo kipya cha bei mwaka wa 1982, kikianzia 1,000. Kila kilipohesabiwa upya, tarakimu zilizozidi zilikatwa badala ya kusogezwa. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi karibu 525, ilhali hisa zenyewe hazikuwa zimeanguka hivyo. Kiliposahihishwa kilikuwa 1,098.892. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia hutoboa kibaba.

Kwa nini basi nasisitiza desimali? Kwa sababu kwa desimali, kukata au kusogeza kunakuwa uamuzi wa mtu, ambao unaweza kuandikwa, kusomwa na kupingwa. Kwa binari, unafanyika kimya kimya mahali ambapo hata aliyeandika programu haoni. Ukinikata senti, niambie umenikata.

Wazee wetu walikuwa na majina ya vipande hivi vidogo. Shosho bado husema ndururu kwa senti tano na thumuni kwa senti hamsini. Siku hizi dukani ukidai chenji ndogo unapewa peremende. Angalau peremende unaiona.

Wewe ufanye nini

Huhitaji kujua kuandika programu. Lakini kuna mambo manne unaweza kufanya.

Kwanza, hesabu mwenyewe. Ada, riba au ushuru, chukua kalkuleta na ulinganishe na ujumbe uliopokea. Tofauti ya shilingi moja ikijirudia, si bahati.

Pili, uliza kanuni. Unapofungua akiba au kuchukua mkopo kwa simu, uliza: riba inahesabiwa kila siku au kila mwezi? Senti zinazobaki zinakatwa, zinasogezwa au zinatunzwa? Mhudumu asipojua, mwambie aulize. Hilo swali ni haki yako, na sisi tulio katika sekta hii tunapaswa kuwa na jibu tayari.

Tatu, kama chama chenu kina programu au jedwali la kompyuta, lijaribu kwa namba ambazo jibu lake mnalijua. Jaribuni mikopo mingi, sio mmoja, kwa sababu umeona 300 na 500 zilitoka sawa. Na msitupe daftari mwaka wa kwanza. Yaende pamoja.

Nne, hesabu zikikosa kulingana, msianze na mtu. Anzeni na hesabu.

Hilo la nne ndilo tulilojifunza kwa uchungu. Jumapili iliyofuata binamu yangu alisimama mbele ya chama na simu yake. Akawaonyesha 800 mara 1.15 kama kompyuta inavyoiona, zile tisa nyingi baada ya nukta. Akawaonyesha alivyorekebisha. Kisha akamgeukia mama mweka hazina akasema, "Mama, nisamehe. Daftari lako lilikuwa sawa, mimi ndiye niliyekosea." Yule aliyeuliza kuhusu shilingi kuliwa naye akaomba msamaha, kwa sauti ya chini.

Mama mweka hazina alikubali. Alifungua daftari, akaandika malipo ya wiki kama kawaida. Halafu akamuuliza binamu yangu, bila hasira, "Na kama ningekuwa sijui kuzidisha, ungesemaje leo?"

Binamu yangu hakuwa na jibu, na mimi pia sina. Nadhani ni swali la kuwapelekea wanaotunza maktaba.